Rejista Nyingi, Mlango Mmoja

Katika makala haya ningependa tulitazame jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila ya kulifikiria: kuandika jina na neno la siri kwenye tarakilishi, kisha tukakubaliwa kuingia. Ni nani aliyetukubalia? Alitujuaje? Na je, iwapo majina ya watu yamewekwa katika vitabu viwili au vitatu mbalimbali, mwenye kulinda mlango hutazama kipi?

Hebu tuanzie hapa hapa shuleni. Mwalimu wa darasa ana rejista yake. Bweni lina yake. Maktaba ina daftari lake, na majina ya walimu yamo katika faili ofisini. Sasa mlinzi wa langoni ameambiwa asimruhusu mtu asiye wetu, naye hana kitabu chochote. Itambidi aulize. Basi seva ya programu, yaani ile programu kuu inayobeba na kuendesha programu nyingine kwa niaba ya watu wengi, ndiyo huyo mlinzi. Kumwelekeza mlinzi aulize wapi, aulize vipi, na afanye nini akijibiwa mambo mawili yanayopingana, ndiyo kazi tunayoizungumzia.

Rejista zenyewe zina historia. Mwaka wa 1988 kilitolewa kiwango cha kimataifa kiitwacho X.500, lakini kilikuwa kizito mno kwa tarakilishi ndogo. Mnamo 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, wakatoa itifaki nyepesi zaidi iitwayo LDAP. Toleo lake la tatu lilitoka 1997. Microsoft nao wakaleta Active Directory pamoja na Windows 2000. Katika rejista za namna hii kila mtu ana anwani inayoandikwa kama ile ya bahasha: kwanza jina, halafu idara, mwisho shirika lenyewe. Kidogo hutangulia kikubwa.

Kwani mbona zisiwe rejista moja tu? Zingekuwa moja, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini kampuni mbili huungana na kila moja imekuja na kitabu chake. Chuo nacho huweza kuwa na wanafunzi huku na wafanyakazi kule. Isitoshe, wasimamizi wa seva hupenda kuwa na faili yao ndogo pembeni.

Tuchukue mfano wa WebSphere ya IBM, ambayo tangu toleo la 6.1 la mwaka 2006 imeweza kuziunganisha rejista nyingi zikaonekana kama moja. Msimamizi huanza kwa kuitaja kila rejista: iko kwenye mashine gani na mlango wa namba gani. Kwa LDAP namba ya kawaida ni 389, na 636 ndiyo ya mazungumzo yaliyofichwa. Kwenye 389 maneno ya siri hupita wazi kama kadi ya posta, isipokuwa umepanga kuyaficha humo humo. Kisha hutaja shina, yaani mahali pa kuanzia kutafuta. Ukilichagua shina la juu mno utawaingiza hata wasiohusika. La chini mno, utawaacha wenye haki nje. Nazo rejista mbili haziwezi kutumia shina moja.

Halafu kuna suala la safu ya jina. Rejista nyingi za LDAP huweka jina la kuingilia katika safu ya uid, ilhali Active Directory hutumia sAMAccountName. Usipoiambia seva hivyo, mtu atakuwemo kitabuni lakini anatafutwa katika safu isiyo yake, na ataambiwa hayumo! Pia seva yenyewe hupewa akaunti ya kuifungulia rejista. Ipewe ruhusa ya kusoma tu, na neno lake la siri lisisahaulike, kwa maana likipitwa na muda, rejista nzima huwa kama imefungwa.

Sasa tufike penye utata. Tuseme kuna jmwangi katika rejista ya wafanyakazi na jmwangi mwingine katika ile ya wanafunzi. WebSphere haichagui. Hutafuta kila mahali, ikikuta wawili hukataa, na wote wawili hubaki nje wakilalamika. Kwa sababu hiyo hiyo, rejista moja ikizimika, kwa desturi yake huwakatalia hata wale walio katika rejista zinazofanya kazi, msimamizi mwenyewe akiwamo, maana haiwezi kuhakikisha kwamba jina halijarudiwa kule kulikozimika. Kuna kipengele cha kuiruhusu iendelee na zilizobaki. Wengi hukiwasha haraka haraka. Mimi naona ni sawa kukiwasha, mradi majina yamekaguliwa kwanza na hakuna lililojirudia.

Tomcat ina tabia nyingine kabisa. Ukiziunganisha rejista kwa CombinedRealm, yenyewe huuliza moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa, na ya kwanza kusema "ndiyo" inatosha. Ni rahisi, ati. Lakini hebu fikiria mhasibu aliyeachishwa kazi. Jina lake limefutwa katika LDAP siku ile ile, ila mtu alikuwa amemwandika zamani katika faili ya tomcat-users.xml wakati wa majaribio. LDAP itasema "simjui". Faili itasema "namjua". Mlango utafunguka. Ndiyo maana naiona Tomcat kuwa ya kuogopewa zaidi kuliko WebSphere: ile moja ikikosea, watu hupiga kelele, hii nyingine ikikosea, hakuna anayesikia. Afadhali kidogo ipo LockOutRealm, ambayo isipobadilishwa hufunga jina kwa sekunde 300 baada ya kukosea neno la siri mara 5. Hiyo huzuia wanaobahatisha, si huyo mhasibu, kwani yeye neno lake analijua.

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya mipangilio ya zamani, kwa kuwa ukijifungia nje hiyo ndiyo itakayokurudisha. Baada ya kuweka mipya na kuiwasha seva upya, jaribu kuingia kwa jina moja kutoka kila rejista. Jaribu jina lililofutwa. Jaribu lililorudiwa. Kisha, siku isiyo na kazi nyingi, zima rejista moja makusudi, uone mlango utafanya nini.