Jina na Nafsi: Utambulisho wa Mtu Mweusi kwa Mifano kutoka Bariadi

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kifalsafa kuhusu utambulisho wa mtu mweusi umezoea kuanzia Paris, Dakar au Martinique. Makala haya yanaanzia Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, na yanauliza swali la kiisimu: je, kupewa jina na mwingine ndiko kunakomnyima mtu nafsi yake? Tutadai kwamba sivyo. Linalodhuru ni jina ambalo aliyeitwa hana nafasi ya kulijibu kwa jina.

2.0 Nafsi ya Tatu

Neno nafsi lina maana mbili. Hutaja undani wa mtu, na katika sarufi hutaja nafasi ya mhusika katika usemi: anayesema, anayeambiwa, anayesemwa. Maana hizo hukutana katika Peau noire, masques blancs (1952) cha Frantz Fanon. Humo mtoto wa Kizungu, ndani ya gari moshi, anamwonyesha mama yake mtu mweusi na kusema kwamba anaogopa. Mtu huyo yupo na anasikia, lakini haambiwi, anasemwa tu. Amewekwa katika nafsi ya tatu, wala hana zamu ya kujibu.

Alexis Kagame (1956) alitafuta msingi wa falsafa ya Kibantu katika ngeli za Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Njia hiyo inavutia, ila ina mpaka wake. Kiswahili husema kipofu amefika: umbo la nomino ni la vitu, upatanisho ni wa watu. Ngeli peke yake, basi, haithibitishi namna wasemaji wanavyoufikiri utu. Yafaa kuchunguza matumizi.

3.0 Majina ya Pande

Katika Kisukuma, sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki na ng'weli magharibi. Basukuma, kwa hiyo, ni watu wa kaskazini. Jina la namna hii hutegemea mahali aliposimama msemaji, kwani hakuna wa kaskazini ila kwa aliye kusini kwake. Lakini anayeitwa Msukuma naye humwita jirani huyo Mdakama. Majina haya hupokezana kama mimi na wewe. Huko Bariadi, mtu hujitambulisha pia kwa Ntuzu, utemi wake wa zamani, na huitwa Mnyantuzu.

Utawala wa Kiingereza uliligandisha jina la upande. Shirikisho la Usukuma la mwaka 1946, lenye makao Malya, liliziweka temi nyingi chini ya jina moja, bila kujali nani anamtazama nani. Hata hivyo wenyewe walilipokea, na leo hulitamka katika nafsi ya kwanza.

4.0 Hitimisho

Jina "mtu mweusi", kama lilivyotumiwa na watumwishaji na wakoloni, halikuwahi kuwa la kupokezana: mtoaji alijiona kuwa mtu tu, asiye na rangi wala upande. Senghor na Césaire walilitwaa na kulisema katika nafsi ya kwanza. Fanon aliona kwamba hilo halitoshi. Mfano wa Bariadi unaonyesha kinachopungua, yaani zamu ya kumtaja mtoaji naye kwa mahali aliposimama. Kabla ya kuuliza mtu mweusi ni nani, hatuna budi kuuliza ni nani anayesema, na kutoka upande gani.