Mgonjwa Anayevuta Sigara Asiondoke Hospitalini Bila Kuelekezwa

Mgonjwa wa kifua kikuu hutumia dawa kwa muda usiopungua miezi 6, na katika muda huo huonana na wahudumu wa afya mara nyingi. Ikiwa anavuta sigara na hakuna aliyemuuliza, nafasi hizo zote zimepotea. Sigara hudhoofisha mapafu yale yale yanayotibiwa, na huongeza uwezekano wa ugonjwa huo kurudi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa Wakenya wazima wapatao milioni 2.5 walikuwa wakitumia tumbaku, iwe sigara, ugoro au ya kutafuna. Katika Kaunti ya Taita Taveta, watu hao hufika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, na hospitali za Wesu, Mwatate na Taveta, wakiugua shinikizo la damu, kisukari, pumu au vidonda visivyopona. Tumbaku huyazidisha yote hayo.

Kwa nini wahudumu hawaulizi?

Foleni ni ndefu. Wengine huogopa kumwaibisha mgonjwa, hasa akiwa mzee au mama mjamzito. Wengine huona mvutaji hasikii. Lakini wavutaji wengi hutamani kuacha, na neno fupi la daktari au muuguzi huongeza idadi ya wanaofaulu. Kazi yenyewe haihitaji hata dakika moja.

Hatua tatu

1. Uliza. "Mzee, unatumia sigara au ugoro?" Jibu liandikwe kwenye faili, ili mhudumu wa zamu inayofuata aendeleze.

2. Shauri bila kukaripia. Mwambie kuwa kuacha ndiyo njia bora ya kulinda afya yake, na kuwa anayesaidiwa hufaulu zaidi ya anayejaribu peke yake.

3. Elekeza. Mpeleke kwa mshauri nasaha wa kituo, au mpe nambari 1192 ya NACADA, ambayo haitozwi malipo. Kumwambia "acha sigara" bila kumwonyesha pa kwenda ni kumwachia nusu ya kazi.

Mgonjwa ajue nini?

Nikotini hushika mwili, kwa hiyo siku za mwanzo huwa ngumu: hasira, usingizi kukatika, hamu kali. Hali hiyo hupungua baada ya wiki chache. Zipo chingamu na bandiko za nikotini za kupunguza hamu. Mgonjwa amuulize daktari au mfamasia kama zinamfaa. Akirudia kuvuta, asijione ameshindwa. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa.

Faida huanza mapema. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Wajibu wa mwananchi

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, hospitali zikiwemo. Lakini mkazi asingoje kuulizwa. Akifika kituoni kwa sababu yoyote, aseme: "Daktari, ninavuta, na ninataka kuacha. Nianzie wapi?" Jamaa anayemsindikiza mgonjwa anaweza pia kumkumbusha kuuliza kabla hawajatoka.