Kuonja kwa Pua: Somo la Pipa la Uskoti

Wenzangu wa ualimu, kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka huu nimeponea chupuchupu. Nilipangiwa skuli moja ya shamba hapa Unguja, mada ya uchachushaji. Kwa kutaka nionekane nimesoma, nikabeba kifungu cha kitabu cha nje kinachoeleza namna ya kuonja bia kali ya Uskoti iliyolazwa ndani ya pipa la wiski. Darasa likacheka, halafu likanyamaza. Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono: "Ticha, sisi hatunywi na hatutokunywa. Sasa mtihani ukiuliza harufu ya pipa, tujibu nini?"

Sikuwa na jibu, maana hata mimi sijaionja. Baada ya kipindi mwalimu aliyekuwa akinisimamia akaniita pembeni: "Mwanangu, kesho mzazi akija kuuliza kwa nini mwanawe anafundishwa ulevi, utamjibu wewe." Nikaomba siku mbili nijipange. Nilichorudi nacho darasani ni hiki.

Kwanza, bia yenyewe. Shayiri huloweshwa ikachipua, ikakaushwa kuwa kimea, kisha maji yake matamu yakachemshwa. Hapo hutiwa hamira, ndugu wa hii ya maandazi. Hamira hula sukari, ikatoa kilevi na gesi. Kwenye andazi gesi huumua unga. Kwenye bia hutoa povu. Bia hii ya Uskoti hutumia kimea kingi, ndiyo maana ina utamu wa sukari iliyoungua kidogo, na kilevi chake mara nyingi ni kati ya asilimia 6.5 na 10. Bia za kawaida huwa na kama asilimia 5. Zamani Waskoti waliziita bia zao kwa shilingi, 60, 70, 80, kufuata bei ya pipa. Shilingi zikizidi, na ukali unazidi.

Nikauliza: nani anajua kitu cha hapa kwetu kinachochachuka hivyo? Kimya. Mwisho kijana mmoja wa nyuma, ambaye wenzake humtania kwa sababu babu yake alikuwa mgema, akasema taratibu: "Tembo." Nikampa chaki. Akaeleza kuwa tembo likishuka mnazini asubuhi ni tamu kama maji ya sukari; jua likipanda linafanya povu; jioni limeshakuwa kali; likiachwa siku kadhaa linageuka siki. Mimi nikaongeza tu sababu: hamira za kwenye hewa na vyombo huingia zenyewe, na baadaye bakteria hugeuza kile kilevi kuwa asidi kwa msaada wa oksijeni. Siku hiyo hakuna aliyemcheka. Wote walikuwa wananakili alichoandika ubaoni.

Sasa pipa. Wiski ya Uskoti kwa sheria yao hulazwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni si chini ya miaka 3. Mapipa mengi yametoka Marekani, yameshachomwa moto kwa ndani. Wiski ikitolewa, wapo wanaotia bia humo ikae miezi. Mbao hutoa harufu zake, na hapa ndipo nilipoduwaa niliposoma. Ndani ya mwaloni mna yujeno, ndiyo ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mna vanilini, ile ya vanila inayopandwa kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Na mna kitu kingine kinachonukia nazi. Kumbe harufu ngeni iliyotushinda kwenye kifungu tunaipita kila siku Darajani!

Basi nikaleta karafuu, vanila, nazi iliyokunwa, na mdalasini wa unga uliochanganywa na sukari. Jaribio ni rahisi, nanyi lifanyeni: ziba pua, weka mdalasini na sukari ulimini. Utapata utamu tu. Achia pua, na mdalasini unatokea ghafla, kwa sababu hewa hupanda kutoka kooni hadi puani. Ulimi unajua tamu, chungu, chumvi, uchachu na ladha ya mchuzi wa nyama. Yaliyobaki mengi ni kazi ya pua. Muonjaji wa bia hutazama rangi kwanza, hunusa, huonja kidogo, kisha husubiri aone kinabaki nini mdomoni. Hatua mbili za mwanzo na maneno yake yote unaweza kujifunza bila kugusa tone la pombe.

Mwisho nikawaambia waandike harufu ya pipa lile kwa maneno yao. Yule msichana aliandika: "Linanukia jikoni kwa bibi siku ya pilau, na nazi imekunwa pembeni." Mwalimu msimamizi alilisoma daftari mara mbili, akaliweka sahihi, akaniambia: "Mzazi akija, muoneshe hili."

Wenzangu mnaokwenda kufundisha muhula ujao, vifungu vya namna hii mtakutana navyo vingi. Msiviruke kwa kuogopa, wala msivisome kama kasuku. Tafuteni kwanza nani darasani babu yake ni mgema, na sokoni kuna nini.