SOMO: Chama cha Msingi na Watengenezaji wa Filamu wa Mkoani

Katibu wa chama cha msingi amezoea maombi ya aina tatu: pembejeo, ada ya shule na msiba. Siku hizi limezuka ombi la nne, ambalo vitabu vya mafunzo ya ushirika havikulitazamia. Vijana wenye kamera hufika ofisini, aghalabu wakiwa watoto wa wanachama wenyewe, wakaeleza kwamba hadithi wanayo, wachezaji wanao, ila fedha za kuikamilisha picha yao hawana. Njombe na Makambako si Dar es Salaam; matajiri wanaonunua filamu hawapatikani kituo cha mabasi. Mlango ambao vijana hao wanaujua ni wa ushirika. Jibu la haraka la "ndiyo" laweza kukitia chama hasarani, na jibu la haraka la "hapana" laweza kukinyima kitu chenye manufaa. Hapana budi ombi lenyewe lifahamike kwanza.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka India. Mwaka 1976 mtengenezaji wa filamu Shyam Benegal alitoa filamu iitwayo Manthan, neno lenye maana ya kusukasuka, kama mtu asukavyo maziwa ili apate siagi. Fedha zake hazikutoka benki wala serikalini. Wafugaji 500,000 wa jimbo la Gujarat, wanachama wa vyama vya maziwa, walitoa kila mmoja rupia 2, ikapatikana rupia 1,000,000. Verghese Kurien, aliyekuwa kiongozi wa ushirika huo wa maziwa, alishiriki katika kuitunga hadithi. Nayo ilikuwa hadithi yao wenyewe: daktari wa mifugo anafika kijijini kuanzisha chama, anapingwa na mwenye kiwanda binafsi aliyezoea kuwapunja wafugaji, anapingwa na mkubwa wa kijiji, na wanakijiji wenyewe wanagawanyika kwa sababu ya matabaka yao ya kuzaliwa. Filamu ilipotoka, wafugaji walisafiri kwa malori kwenda mjini kuiona. Mwaka 1977 ilipata tuzo ya taifa ya India ikiwa filamu bora ya lugha ya Kihindi, na mwaka 2024, baada ya kutengenezwa upya, ilionyeshwa katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa.

Katibu asiduwazwe na ukubwa wa hesabu hiyo, bali autazame utaratibu wake. Mchango wa kila mtu ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata kama filamu ingeharibika, hakuna mfugaji ambaye angelala njaa. Watazamaji nao walikuwa wamekwisha patikana kabla ya kamera kuwashwa, maana mtu aliyetoa rupia zake mbili haulizi kwanza kama filamu ni nzuri. Huenda kuitazama mali yake. Huko huko India, katika jimbo la Kerala, John Abraham na wenzake wa kikundi cha Odessa walipita vijijini wakichangisha fedha, wakatoa filamu ya Amma Ariyan mwaka 1986. Hao hawakuwa na shirikisho la maziwa nyuma yao. Walikuwa na miguu na bakuli.

Nchini kwetu filamu ya vijijini ilianza kwa njia iliyo kinyume na hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35 na kuzitembeza kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anaficha fedha zake ndani ya nyumba zinaibwa, mwenzake anaziweka benki zinasalimika. Somo lenyewe si baya, na chama cha akiba na mikopo cha leo kingeweza kulitumia. Lakini aliyeamua nini kisemwe hakuwa mwanakijiji. Baadaye, mwaka 1952, ilitoka Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa alicheza miaka mingi kabla hajawa Waziri Mkuu. Hiyo nayo ilitengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini. Baada ya Uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968. Kampuni hiyo haipo tena, na tangu miaka ya 2000 kazi kubwa imefanywa na watu binafsi kwa kamera za video, katika filamu zilizokuja kuitwa Bongo Movie.

Hapa ndipo mkulima wa Njombe atakapoitambua habari hii. Mtengenezaji wa filamu za namna hiyo alikopa huku na huku, akapiga picha kwa siku chache, kisha akapeleka nakala yake ya asili kwa msambazaji jijini. Msambazaji alimlipa fedha taslimu mara moja, na mara nyingi kwa malipo hayo alichukua haki zote. Filamu ikiuzwa nakala elfu moja au laki moja, mtengenezaji hakuongezewa kitu wala hakuonyeshwa hesabu. Tofauti yake na mkulima wa viazi anayelazimishwa kujaza gunia hadi lifungwe kilemba cha lumbesa ni ipi? Wote wawili wanauza kwa kipimo kilichowekwa na mnunuzi. Soko la santuri za video lilipodhoofika kwa sababu ya nakala za wizi, na watu wakahamia kwenye simu, msambazaji aliacha kununua, na mtengenezaji wa mkoani akabaki bila mlango hata ule mbovu.

Ushirika ulizaliwa kutibu ugonjwa wa namna hii hii. Kwa hiyo shauri la kwanza la kuwapa vijana si fedha bali ni kuungana. Mwenye kamera, mwenye kompyuta ya kuhariri, fundi wa sauti na wachezaji wakae pamoja, wakubaliane kwa maandishi, wafungue akaunti moja, na wakikomaa waombe kuandikishwa kwa Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Kikundi chenye daftari la fedha huaminika kuliko kijana mmoja mwenye kipaji, hata kipaji hicho kiwe kikubwa namna gani.

Baada ya hapo chama cha msingi kijiulize kina nini. Fedha taslimu ndicho kitu ambacho kinacho kidogo kuliko vyote. Kina ghala ambalo kwa miezi kadhaa halina mazao. Nalo ni ukumbi. Huenda kina jenereta, na gari. Kina wanachama ambao watakusanyika wakiitwa. Natuseme, kwa mfano tu, filamu inaonyeshwa katika vijiji 20, kila kijiji watu 100, kiingilio shilingi 1,000: hizo ni shilingi 2,000,000 kabla ya kutoa gharama za mafuta na chakula, na haki ya filamu inabaki mikononi mwa walioitengeneza. Mwaka unaofuata yaweza kuonyeshwa tena kwingine. Makambako, palipo na makutano ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, pamoja na stesheni ya TAZARA, ni mahali pazuri pa kuanzia mzunguko wa namna hiyo.

Chama chaweza pia kuagiza kazi. Kanuni za ushirika zilizopitishwa Manchester mwaka 1995 zinataja elimu na kuijali jamii, na filamu fupi ya dakika 20 kuhusu lumbesa, ikichezwa na watu wa hapa, kwa Kibena penye kufaa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha, itafundisha zaidi ya mihadhara kumi. Hiyo ilipwe kwa mkataba, kama chama kinavyomlipa seremala.

Likija suala la mchango au mkopo, hapo katibu awe mkali. Fedha za malipo ya mazao na za pembejeo ni za watu. Haziguswi, hata kwa siku tatu, hata kama mwombaji ni mtoto wa mwenyekiti. Hasa akiwa mtoto wa mwenyekiti. Mchango uamuliwe na Mkutano Mkuu, uandikwe katika muhtasari, na mwanachama asiyetaka asikatwe. Ikiwa chama kitakopa ili kisaidie, kisivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajis. Kila shilingi iwe na stakabadhi, kwa kuwa mkaguzi hatakubali kuambiwa kwamba fedha zilikwenda kwa "mambo ya sanaa".

Mkataba wenyewe uwe mfupi, lakini useme nani anaitunza nakala ya asili, nani anaweza kuiuza, kwa miaka mingapi, na wachezaji wanalipwa lini. Kazi isajiliwe katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kibali cha kupiga picha na idhini ya kuonyesha zitafutwe kwa Bodi ya Filamu, kama inavyotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Na wazee waulizwe mapema. Kuna mahali, kama msitu wa Nyumbanitu, ambapo kamera haiingii kwa kibali cha ofisi peke yake.

Maswali ya kujadiliwa katika vikao: Je, ghala la chama chenu huwa tupu miezi gani, na nani ana ufunguo? Wanachama 400 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, fedha hizo zitaandikwa wapi katika vitabu, na filamu isipokamilika zitaelezwaje kwenye Mkutano Mkuu? Kama vijana wa kijiji chenu wangetengeneza filamu moja tu kuhusu chama chenu, ni jambo gani ambalo bodi isingependa lionekane?