Nipunguze nini?

SWALI: Mwanangu wa miaka sita alizaliwa na mgongo wazi, na ana mrija wa kutoa maji kichwani. Katheta, dawa, shule, kliniki Kijabe; jioni sijiwezi. Nipunguze nini? – Mama, Kitengela

JIBU: Mama, pole kwa kazi. Katheta usiipunguze. Mkojo ukikaa huharibu figo, hivyo utolewe kila baada ya saa tatu au nne, hata mkikwama kwenye foleni ya Barabara ya Namanga. Unachoweza kupunguza ni kuyafanya yote peke yako. Mfundishe baba yake, shangazi, au msaidizi wa shuleni: mikono ioshwe kwa sabuni, na glavu za lateksi zisitumike, kwa kuwa watoto hawa hupata mzio kwa urahisi. Kijabe, omba miadi yote iwe siku moja.

Ila akitapika, akiumwa kichwa, akisinzia isivyo kawaida, vunja ratiba yote. Huenda mrija umeziba. Usingoje kliniki, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, ukiwa na barua ya upasuaji mkobani ili daktari wa zamu aelewe upesi na kumpa rufaa.