Kopo la virutubisho halipunguzi uzito

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, ni fundi cherehani Mbagala Rangi Tatu, na natumia vidonge vya presha. Daktari aliniambia nipungue. Nikajiunga na kikundi cha dayati: kalori 800 kwa siku, ugali marufuku. Kiongozi wetu wa Kinondoni anatuuzia kopo la virutubisho na chai ya kukata tumbo, vyote shilingi 90,000. Wiki mbili nimepungua kilo nne, ila nasikia kizunguzungu na usiku misuli ya miguu inakaza. Yeye anasema ni sumu zinatoka. Niendelee?*
*Fundi, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Chai iache leo. Vidonge vya presha usiviache.

Chai nyingi za kukata tumbo zina sanamaki, majani ya kufungua choo. Unaharisha, mizani inashuka, lakini kilichotoka ni maji na madini kama potasiamu. Mafuta yako palepale. Kama kidonge chako cha presha ni cha kukojoza, madini hayo yanazidi kupotea, na moyo unayahitaji. Kukaza kwa misuli kunaweza kutoka hapo. Kizunguzungu nacho huenda ni presha kushuka, kwa kuwa umepungua na dozi ni ileile. Nenda hospitali kesho, ubebe kopo na hiyo chai. Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito inayopandisha presha, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, lakini imeendelea kukutwa imefichwa kwenye bidhaa za namna hiyo.

Virutubisho havichomi mafuta. Kazi yake ni kuziba upungufu wa vitamini na madini, na kwako upungufu huo unaletwa na hizo kalori 800, kiwango ambacho hakifuatwi bila daktari. Mjamzito hupewa vidonge vya damu kliniki kwa sababu hitaji lake linajulikana. Wewe nani alikupima?

Ugali kula, punguza tonge. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, kwa hiyo pima mafuta kabla hujaukimbia unga. Soda na maandazi ya pale kwenye cherehani ndiyo ya kuacha kwanza. Dagaa, maharage na tembele vitakupa protini, chokaa na madini ya chuma. Chai ya rangi inywe mbali na mlo, maana inazuia chuma kufyonzwa. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Daktari akiona bado una upungufu, atakuandikia kidonge kinachohusika.

Na kiongozi wenu muulize: kopo lake ni chakula au dawa? Tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Akisema ni chakula tu ila kinatibu kila kitu, hela yako ibaki mfukoni.