SOMO LA MAKATIBU: SAFARI FUPI YA KUVUKA MPAKA



Vyama vyetu vingi hupenda kuwapeleka wajumbe wakajifunze kwa wenzao. Jambo hili ni jema, kwani elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika. Kwa vyama vya Arusha na Meru, wenzetu wa karibu wako ng'ambo ya Namanga. Kutoka Arusha mjini hadi mpakani ni kiasi cha kilometa 110, na kutoka hapo hadi Nairobi ni kilometa 160 na kitu. Mtu aweza kuondoka alfajiri akafika adhuhuri. Lakini ufupi wa njia huwadanganya wengi. Safari yenye mpaka katikati yataka matayarisho zaidi kuliko safari ndefu ya ndani ya nchi.

Kisa chenye mafunzo

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na wajumbe 12 wa chama kimoja cha wafugaji waliokuwa wakienda Kiambu kutazama kazi ya chama cha maziwa. Mkutano Mkuu uliidhinisha fedha za safari kwa sababu maziwa ya jioni yalikuwa yakiharibika kabla ya kufika kwenye tangi la kupozea. Tulipofika Namanga, wajumbe 3 hawakuweza kuvuka. Mmoja pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Wa pili aliisahau sandukuni nyumbani. Wa tatu alikuwa mama mpokeaji wa maziwa, naye hakuwa na hati yoyote ila kadi ya uanachama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba yahitajika nyingine.

Mama yule alisema kwa upole, "Nendeni tu, Bwana Mkaguzi. Mkirudi mtanieleza."

Tulikwenda, tukaona, tukarudi. Lakini yeye ndiye aliyepima maziwa kila siku, na maswali aliyokuwa nayo hakuna miongoni mwetu aliyejua kuyauliza. Alipotaka kujua wenzetu hufanya nini na maziwa yaliyochelewa, tulitazamana. Fedha za wanachama zilitumika, na maziwa ya jioni yakaendelea kuchacha. Nami sikuwa bila lawama. Niliyasoma majina yote katika muhtasari wa Bodi, nisiulize habari za hati hata mara moja.

Basi kiini cha somo hili ni kwamba mpaka huvukwa kwanza ofisini mwa chama, ndipo uvukwe barabarani.

Hati za msafiri

Wazee watakumbuka kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulianza kutumika mwaka 2000, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza tarehe 1 Julai, 2010. Kwa hiyo Mtanzania huingia Kenya bila viza. Lakini "bila viza" si "bila hati". Kila mjumbe awe na pasipoti yake mwenyewe ambayo muda wake haujakaribia kwisha. Asiye na pasipoti aombe mapema Idara ya Uhamiaji impatie Hati ya Dharura ya Safari. Aidha, ruhusa ya mgeni ni ya kutembelea, wala haimruhusu kufanya kazi ya mshahara.

Ni vema pia kila mjumbe awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na mtu arudipo nyumbani aweza kuulizwa cheti. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo kuikimbilia siku ya mwisho hakufai. Aliyekwisha kuipata hahitaji kuirudia, kwani tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mtu.

Katibu afungue orodha yenye jina la kila mjumbe, namba ya hati na tarehe ya mwisho wa hati hiyo. Aitazame kila hati kwa macho yake mwezi mmoja kabla ya safari, asikubali neno la "ninayo nyumbani".

Hati za gari

Bima ya kawaida ya gari yaweza isitambuliwe ng'ambo. Tanzania na Kenya zote zimo katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kulipa madhara wanayopata watu wengine endapo gari litasababisha ajali katika nchi nyingine. Kadi hiyo ikatwe kwa kampuni ya bima kabla ya safari. Dereva achukue kadi halisi ya gari na leseni yake. Ikiwa gari ni la chama, pawepo barua ya Bodi yenye muhuri inayomruhusu dereva kulivusha. Ikiwa ni la kukodi, mwenye gari aonyeshe kwamba leseni yake inaruhusu kubeba abiria nje ya nchi. Forodha huliandika gari kuwa limeingia kwa muda, na karatasi ya kibali hicho itunzwe hadi kurudi.

Pale Namanga

Tangu mwaka 2018 Namanga ina kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi na Marais wa nchi zote mbili. Msafiri atokaye Tanzania huvuka hadi jengo la upande wa Kenya, na humo huwakuta maofisa wa nchi zote mbili. Ofisa wa Tanzania humgongea muhuri wa kutoka, kisha wa Kenya humgongea wa kuingia. Wakati wa kurudi mambo yote hufanyika katika jengo la upande wa Tanzania. Kila mjumbe ahakikishe kwamba mihuri yote miwili imo, kwani atakayeukosa mmoja atapata taabu siku ya kurudi. Asiwepo wa kumkabidhi hati yake mtu asiye ofisa ajitoleaye "kusaidia".

Masurufu

Fedha za safari ni amana ya wanachama. Zibadilishwe benki au katika duka halali la fedha za kigeni, na stakabadhi itunzwe. Kubadilisha na watu wa barabarani hakuna stakabadhi, na mkaguzi hatakubali hesabu ya mdomo. Aliyechukua masurufu aandike kila siku alichotumia, kwa shilingi ya Kenya na kwa ya Tanzania, na arejeshe hesabu pamoja na bakaa mara arudipo.

Mizigo

Wakulima wakiona kitu kizuri hutamani kurudi nacho. Hapo pana hatari. Mche, mbegu au udongo visivushwe bila cheti cha afya ya mimea na kibali cha nchi viingiamo. Ugonjwa wa chulebuni uligunduliwa kwanza Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ukawa umeingia katika kahawa yetu. Mche mmoja uliofichwa chini ya kiti waweza kuwatia hasara majirani wa kijiji kizima. Mambo ni hayo hayo kwa mifugo na mazao yake, ambayo yana vibali vyake.

Mifuko ya plastiki ya kubebea iachwe nyumbani. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti, 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni, 2019. Chukueni vikapu.

Baada ya kurudi

Taarifa ya safari isomwe mbele ya wanachama, pamoja na hesabu yake. Mjumbe aliyepelekwa ajifunze kupima maziwa na aeleze upimaji. Kwa sababu hiyo wajumbe wachaguliwe kwa kazi wanayoifanya, si kwa cheo, wala si kwa kuwa tayari wana pasipoti. Mwenye kuihitaji elimu ndiye asaidiwe kupata hati.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika chama chetu, ni nani hasa anayestahili kwenda kujifunza, na je, ana hati?
2. Nani atazikagua hati zote, na tarehe gani?
3. Mjumbe akizuiliwa mpakani, gharama yake itakuwa juu ya nani?
4. Ni maswali gani tunayotaka wajumbe waturudishie majibu?

Swali la nne liandikwe katika muhtasari kabla ya fedha kutolewa. Chama kisichojua kinakwenda kuuliza nini, heri kibaki nyumbani kwanza kikatafakari.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika